Tangazo langu limekataliwa mara tatu. Rufaa inaandikwaje mpaka wakubali?

MamaTunu (Likoni), mwenye uzi

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Mnisamehe makosa ya uandishi, niko foleni ya feri na mkono mmoja umeshika mtoto.

Mimi nauza vitu vya watu kwa kamisheni. Kwa asiyejua: sina duka wala stoo. Kampuni inanipa linki yangu, mtu akinunua kupitia linki hiyo, mimi napata asilimia 30. Nilianza mwaka jana na vyombo vya jikoni, kamisheni ikawa ya bando na mkate tu. Mwezi huu nimepata bidhaa ya maana, chai ya mitishamba, nikatengeneza tangazo la kulipia mtandaoni. Likakataliwa. Nikageuza maneno, likakataliwa. Nikageuza rangi ya nyuma ya picha, likakataliwa tena, na safari hii akaunti yote ya matangazo wameifunga. Ati nimekiuka sera mara nyingi.

Kuna kitufe cha kuomba wakague upya na kisanduku kidogo cha maelezo. Swali langu ni hilo tu: mle ndani naandika nini? Mwenye barua iliyowahi kukubaliwa anipe ninakili. Kuna pesa za watu zimekwama. Na tafadhali, asije mtu akaniambia "achana nayo".

NahodhaMstaafu (Mji wa Kale)

Achana nayo.

FundiSimu (Majengo)

Nahodha, mwache dada wa watu.

MamaTunu, barua haina uchawi. Mara ya kwanza tangazo hukaguliwa na mashine, si mtu, na mashine hailii kwa barua nzuri. Inaangalia maneno, picha, na ukurasa ule ambao mtu akibonyeza anapelekwa. Wengi husahau huo wa tatu. Unaweza kulisafisha tangazo likang'aa kama sufuria ya harusi, kumbe linki inampeleka mtu kwenye ukurasa wenye ahadi za kiganga.

Walikupa sababu gani? Na tuwekee picha ya tangazo hapa.

MamaTunu

Ahsante Fundi. Sababu waliandika mambo ya afya na mwonekano wa mwili, maneno ya jumla tu. Picha siwezi kuiweka hapa. Ni picha ya kawaida.

ShangaziWaTudor

Pole mwanangu, hawa watu nawajua. Mimi nauza udi. Mwaka juzi nikapiga picha chetezo changu cha udongo, makaa yamekolea, moshi unapanda taratibu kwenye pazia jeupe, na nyuma yake kanga imekunjwa. Picha ilinichukua asubuhi nzima kwa sababu ya upepo. Wakaikataa, ati natangaza tumbaku! Moshi tu. Nikaandika mstari mmoja: "Huu ni udi wa kufukizia nguo na nyumba, hauvutwi." Jioni ile ile ikapita.

Kwa hiyo wewe andika ukweli kwa ufupi, usijieleze sana. Na anayetaka udi wa mawardi bado ninao.

AbuNuru (Kisauni)

Kabla ya rufaa kuna swali kubwa zaidi. Dada amesema hana stoo wala bidhaa. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuuza asichokuwa nacho. Baraka itatoka wapi hapo? Pengine kukataliwa huko ni kheri yako.

MpwaWaWakili (Ganjoni)

Sheikh, kwa heshima: hauzi yeye, ni dalali. Anamwonyesha mnunuzi mlango, anayeuza ni mwenye kampuni. Udalali kwa ujira unaojulikana upo tangu enzi za majahazi. Babu yangu alikuwa dalali wa tende hapo bandari ya zamani na hakuwahi kumiliki hata kokwa.

AbuNuru

Babu yako alizionja tende. Huyu chai ameionja?

NahodhaMstaafu

Hapo umepiga penyewe.

HesabuZaMwisho (Nyali)

Mimi naja na habari mbaya nyingine. Kamisheni ya namna hiyo imo kwenye Sheria ya Fedha ya 2023, ule ushuru wa maudhui ya kidijitali. Asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya, inakatwa kabla hujaipata. Weka hesabu zako vizuri.

MamaTunu

Jamani hata shilingi ya kwanza sijaiona, mshanikata ushuru!

Turudi kwa rufaa. Nimeweka 10,000 kwenye akaunti ya matangazo na sasa ziko ndani, hazitoki. Ni pesa za chama. Tuko wanawake 12, kila mmoja hutoa 1,500, zamu yangu ilikuwa mwezi wa nane lakini nikaomba nipewe mapema, nikasema nina biashara ya haraka. Wakinikuta sokoni wananiuliza, "biashara yaendeleaje?" Nawajibu inaendelea.

FundiSimu

Nakuelewa. Lakini umeruka swali. Picha ya kawaida ya nini?

MamaTunu

Ya mtu.

FundiSimu

Mmoja au wawili?

MamaTunu

Ni mtu mmoja ila picha mbili. Upande huu zamani, upande huu sasa.

FundiSimu

Haya, tumefika. Kabla na baada. Hiyo ndiyo mashine huitafuta kwanza kwenye vitu vya kupunguza mwili, na hata binadamu akiikagua ataikataa vilevile. Kugeuza rangi ya nyuma ni kubadilisha kanga ukaacha mwili ule ule.

Sasa niambie maneno. Umeanza na "Je, una kitambi?" au kitu kama hicho?

MamaTunu

"Umechoka na kitambi chako?"

FundiSimu

Basi ni makosa mawili. Hawataki tangazo limnyooshee msomaji kidole, kama kwamba unajua yeye ni mnene, mgonjwa au ana madeni. Sema habari za chai, usiseme habari za tumbo la mtu.

MamaTunu

Lakini kila siku naona matangazo ya wengine ya hivyo hivyo, tena mabaya kuliko langu! Mama wa watu ameinua dera tumbo nje, na linapita. Na picha ile ndiyo inayovuta. Nilijaribu kuweka picha ya kikombe peke yake kwenye ukurasa wangu bure, wakapenda watu wanne, mmoja ni mume wangu.

MpwaWaWakili

Kuona la mwenzako limepita si kinga. Kuna la mwenzako ulilolikosa kwa sababu lilifungwa asubuhi.

Swali langu ni tofauti kidogo: huyo mtu kwenye picha ni nani? Ulipewa na kampuni?

MamaTunu

Ni mtu wa nyumbani.

MpwaWaWakili

Nyumba ya Likoni ina watu wengi, dada.

MamaTunu

Wifi yangu. Yuko Malindi. Na kabla hamjaanza, yeye si mtu wa mitandao, ana simu ya kitufe. Uso nimeufunika nusu kwa ua.

ShangaziWaTudor

Ua! Mwanangu, wifi?! Mimi wifi yangu niliwahi kuazima sinia lake bila kuuliza, ni miaka kumi na moja sasa, kila Idi linatajwa. Nawe umeazima mwili.

NahodhaMstaafu

Nacheka mpaka kofia imeanguka. "Umeazima mwili."

MpwaWaWakili

Mimi sicheki. Picha ya mtu ni data yake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko wazi, na ua halikuokoi ikiwa anayemjua anamtambua. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja bila idhini yake. Na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Hao wote labda nao walifikiri ni picha ya kawaida.

Na wewe unamtumia kuuzia. Je, angalau chai ameinywa?

MamaTunu

Nyinyi mnajibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Niliuliza rufaa inaandikwaje.

Haya, nimeshaanza njia nyingine, nilitaka tu kujua kama hii ya rufaa ni rahisi zaidi. Kuna jamaa mjini anafungua akaunti zilizofungwa, nimempa 3,500. Na akishindwa nitafungua mpya kwa kitambulisho cha mume wangu, mwenyewe hana neno. Jana nimelipa feri kwenda na kurudi kumfuata huyo jamaa ofisini, nakuta ofisi ni kibanda cha fotokopi, kijana pale anasema "huwa anakuja Alhamisi".

FundiSimu

Dada, simama hapo hapo. Akaunti mpya baada ya ile kufungwa, kwa jina lolote, wao wanaiita kukwepa mfumo. Hilo ni kosa kubwa kuliko picha. Simu ni ile ile, kadi ni ile ile, ukurasa ni ule ule, watakuunganisha kabla chai haijapoa, na ya mume nayo itafungwa. Rufaa ya tangazo ni jambo moja, rufaa ya akaunti ni jambo jingine, na ukishaonekana unakwepa hakuna anayesoma kisanduku chako.

Na huyo wa Alhamisi hana mlango wa nyuma. Anabonyeza kitufe kile kile ulicho nacho wewe.

RufaaChap (amejiunga leo)

Dada njoo inboksi, nimefungua akaunti zaidi ya 200, malipo ni baada ya kazi.

KijanaWaMagongo

Subirini kwanza. Nimekaa kimya nasoma tangu juu, na kuna kitu kimenikwama kama mwiba wa changu.

Mwenye uzi anasema yuko Likoni. Tena anaandika akiwa foleni ya feri. Halafu anatuambia jana AMELIPA feri kwenda na kurudi. Watu wa ng'ambo, hebu nisaidieni: tangu lini mwenda kwa miguu akalipa feri ya Likoni? Gari hulipa. Pikipiki hulipa. Mtu na miguu yake hupita bure, mtoto wa darasa la pili anajua.

Huyu yuko Nairobi kwenye ghorofa, anatutungia hadithi. Wifi, chama, mtoto mkononi, machozi, halafu pap! RufaaChap anaibuka ati "njoo inboksi". Ni mtu mmoja huyo, simu mbili. Uzi wenyewe ndio tangazo.

HesabuZaMwisho

Lo. Nami naona akaunti yake ina wiki tatu tu.

NahodhaMstaafu

Nilisema nini mimi? Achana nayo.

AbuNuru

Tusiharakishe kudhani. Baadhi ya dhana ni dhambi. Lakini dada, ajibu.

FundiSimu

Nimeandika aya zote zile kwa mtu wa uongo? Basi nimeingia mjini leo.

ShangaziWaTudor

Mimi namwamini. Hadithi ya kutunga isingekuwa na ua.

MamaTunu

Nimewasoma wote, nimekaa robo saa sijibu kwa sababu mkono unatetemeka.

Feri: sikwenda kwa miguu. Nilikuwa na katoni mbili za sabuni ya chama za kupeleka Mwembe Tayari, na Tunu mgongoni, basi shemeji akanibeba kwa tuktuk yake na tukavuka nayo. Tuktuk hulipa. Nikamrudishia za kwenda, na za kurudi. Kijana wa Magongo, ukitaka nikueleze zaidi: upande wa kisiwani ukiteremka, mkono wa kushoto kuna mama wa viazi karai mwenye ndoo ya ukwaju yenye mfuniko wa sufuria usiolingana nayo. Ukwaju wake ni mkali na anakuongezea bila kuomba. Kunguru walichukua kiazi cha Tunu jana na akalia mpaka Mwembe Tayari. Nenda kamuulize kama anamjua mtoto aliyenyang'anywa kiazi.

Huyo RufaaChap simjui, nami ameniandikia inboksi, anataka nywila yangu.

Na kwa kuwa mshaniita mwongo, acha niseme la kweli ambalo sikutaka kulisema. Wifi hakuinywa ile chai. Alikwisha pungua kabla sijaijua. Ana sukari, aligunduliwa mwaka jana, mwili ukamwishia miezi minne. Ile picha ya "sasa" niliipiga siku tuliyokwenda kumwona.

Na kwenye ukurasa wa kampuni wameandika chai inashusha sukari.

KijanaWaMagongo

...

Mama wa ukwaju namjua. Nisamehe dada.

AbuNuru

La hawla wala quwwata.

MpwaWaWakili

Basi hapo si suala la mtandao tena. Ukisema kitu kinashusha sukari umetoka kwenye chai umeingia kwenye dawa, na dawa Kenya ni mambo ya Bodi ya Famasia na Sumu. Waandikie wenye kampuni leo, uwaulize imesajiliwa wapi. Wakikujibu kwa emoji ya moyo, ushapata jibu.

ShangaziWaTudor

Marehemu mume wangu alikuwa na sukari. Alitoka mtu hapa na chupa ya majani, akamwambia sindano zinaua figo. Mume wangu akaziweka sindano kabatini. Siku tisa. Sitaki kusema zaidi.

MamaTunu

Sikumwambia mtu aache sindano, shangazi. Wallahi sikusema hivyo.

ShangaziWaTudor

Najua hukusema, mwanangu. Wala yule mtu hakusema "ziache". Alisema tu habari za majani.

FundiSimu

Haya, nimerudi. Hasira zimeisha. Swali lako sasa nalijibu.

Usitume tangazo jingine lolote kwa sasa, na yale matatu yafute. Toa picha ya wifi kila mahali, hata kwenye ukurasa wako wa bure. Chai yenyewe iache, rudi kwenye vyombo vya jikoni, najua unanichukia hapo. Ukurasa wako uwe na maelezo yako kwanza, useme wazi kuwa ukinunua hapa mimi napata kamisheni. Ndipo ubonyeze kile kitufe, mara moja tu, si mara kumi. Uandike kama shangazi na udi wake. Kitu kama: "Matangazo yangu matatu yalikuwa na picha za kabla na baada na maneno yaliyomlenga msomaji. Nimeyafuta. Sitatangaza tena bidhaa ile. Naomba akaunti ikaguliwe upya." Basi. Usiweke habari za chama wala Tunu. Wakiomba kitambulisho, toa chako, si cha mume.

Sikuahidi kitu. Akaunti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Ukikataliwa, bado uulize kuhusu ile 10,000 kando, kwa maana tangazo ambalo halikuonyeshwa mtu halina kilicholiwa.

MamaTunu

Na ile 3,500?

FundiSimu

Hiyo ni ada ya shule.

NahodhaMstaafu

Alhamisi nitakuwa mjini. Nielekeze hicho kibanda cha fotokopi, nikamtazame usoni. Mimi nimewashusha mabaharia kutoka baa, kijana wa fotokopi hanishindi.

MamaTunu

Nimetuma. Maneno ya Fundi, nimeondoa sentensi moja tu ile ya "sitatangaza tena bidhaa ile", kwa sababu sijaamua. Kamisheni yake ni mara nne ya sufuria, msinigombeze.

MpwaWaWakili

Nakugombeza.

MamaTunu

Zimebaki 4,500 mkononi. Kesho nawapelekea chama hizo na kuwaambia lililotokea, au nusu yake.

Halafu jambo jingine. Nimempigia wifi. Nilidhani nitamwambia polepole, nikajikuta nimesema yote kwa pumzi moja, hadi ua. Akanyamaza mpaka nikafikiri salio limekwisha. Kisha akauliza, "Picha gani ya kwanza, ile nimevaa gauni la kijani, arusi ya Mwanaisha?" Nikasema ndiyo hiyo. Akaniuliza kama bado ninayo, yeye hana hata moja ya wakati ule.

ShangaziWaTudor

Ikatoe kwenye karatasi, umpelekee kwa mkono. Usitume na gari la Malindi.

KijanaWaMagongo

Hapo fotokopi wanatoa picha pia.

HesabuZaMwisho

Na rufaa, wameshajibu?

MamaTunu

Bado. Imeandika "inakaguliwa".